Aliyekaa Kombeni

Neno lenyewe lilikuwa dogo. "Mimi."

Casilda Arrúe alilitamka katikati ya sehemu ya pili ya mchezo, pale mdarizi anapomfukuza askari mlangoni, mahali pasipo na "mimi" wala ndugu yake. Lilimponyoka, likaelea ukumbini, na hakuna aliyeshtuka isipokuwa yeye mwenyewe. Pazia liliposhuka alikamata upindo wa gauni, akaenda hadi ukingo wa jukwaa, akainama kuchungulia ndani ya kombe.

"Tadeo! Umenipa neno gani pale?"

Kombe ni kile kijumba cha mbao kinachochomoza ukingoni mwa jukwaa, mgongo wake umeviringwa kama kombe la baharini ili watazamaji wasimwone mtu aliyemo. Aliyemo ni mkumbushaji. Huketi chini ya sakafu, kichwa chake kikiwa usawa wa viatu vya waimbaji, na kazi yake ni kunong'ona kila mstari kabla haujaimbwa.

Tadeo Lizana alitoa pua yake ndefu nje. Zamani alisomea upadri akafukuzwa kwa kucheka. "Nimekupa 'Nenda zako, askari.' Basi."

"Nimesema 'mimi'."

"Nimekusikia, dada. Nikadhani umeamua kumsaidia mtunzi, maana anahitaji msaada."

Casilda hakucheka. Neno lile hakulitunga yeye. Alilipokea.

Na hapa watu wa nje hawaelewi, hujifanya tu wanaelewa. Kampuni za zarzuela, michezo ya jukwaani ya Kihispania, mle mtaani Lavapiés zilibadilisha mchezo kila wiki, na kila mchezo una kuimba na una kuongea, kurasa kwa kurasa za maneno. Nani ayashike yote? Mwimbaji hushika muziki, maneno huliachia kombe. Neno likitoka kule chini huingia sikioni likatokea mdomoni bila kupita kichwani. Mpe "nyumba inaungua", atakuimbia nyumba inaungua, mkono kifuani na tabasamu usoni. Ndivyo walivyolelewa. Mdomo wa namna hiyo ni mlango usio na komeo.

Ukumbi wao uliitwa Teatro de la Aurora. Aliyeujenga alikuwa markizi mmoja, mwinyi wa cheo, aliyetaka opera ya Kitaliano na si kingine, zama zile ambazo wakubwa wa Madrid waliona kuimba kwa lugha ya nyumbani ni mambo ya wachota maji. Markizi akafa, Waitaliano wakaenda zao, zarzuela ikaingia kwa mlango wa mbele. Ikaja michezo mifupi ya saa moja moja, wafua nguo wakaketi katika kiti cha markizi wakimenya mbegu za alizeti. Sasa ng'ambo ya barabara sinema imeanza kuongea na kuimba yenyewe, na picha haishikwi na mafua wala haiombi likizo. Ukumbi wa Aurora ukawa unacheza mbele ya viti vitupu.

Ndiyo maana majira ya baridi yaliyopita yakatendeka yaliyotendeka. Mkumbushaji wa zamani, don Eleuterio Pascual, mzee mpole aliyemung'unya peremende za anisi mchana kutwa, alifia ndani ya kombe, mchezo ukiendelea. Ilikuwa jioni ambayo, kwa mara ya kwanza tangu sinema ile ifunguliwe, ukumbi ulijaa. Casilda alimwona. Mstari ulikatika katikati, macho ya mzee yakasimama, mdomo ukabaki wazi ukimwelekea yeye. Desturi ya jukwaa inajulikana: mtu akifa chini ya mbao, pazia linashuka, kombe linafunikwa kitambaa cheusi, hakuna kuimba hadi azikwe. Lakini don Baldomero Quiroga, mwenye kampuni, alisimama kando ya jukwaa akizungusha mkono hewani: endelea, endelea. Casilda akaendelea. Watu wakapiga makofi, wakataka wimbo urudiwe. Ukarudiwa. Aliimba mbele ya mdomo ule uliokuwa wazi, akainama kushukuru, na maua yaliyorushwa mengine yaliangukia ndani ya kombe.

Sitapamba hapo. Wote walijua ni aibu, na wote waliona ukumbi umejaa.

*

Jioni ya pili alisema "Casilda". Jina lake mwenyewe, katika mchezo ambao yeye anaitwa Paloma. Gumersindo, mwimbaji mwenye sauti nzito aliyecheza askari, alimkonyeza.

"Siku hizi unajitangaza, bibie? Ngoja nami niseme jina langu, na mtaa ninaokaa, wajane wanitafute."

"Nyamaza, Gumersindo."

"Nimenyamaza. Lakini mbona unanuka anisi?"

Hakuwa yeye. Harufu ilipanda kutoka kombeni, tamu, ya peremende. Na chini ya utamu huo palikuwa na harufu nyingine, ya kisima kilichozibwa na kitu ndani yake.

Tadeo alimsubiri ngazini, kitabu cha mchezo kifuani kama mtoto mchanga. Utani ulikuwa umemwisha.

"Casilda, nikuulize, usinicheke. Wewe unasikia sauti ngapi pale?"

"Unasema nini wewe?"

"Kiti kina joto. Naingia mchana, hakuna aliyekaa tangu jana, na kina joto kama kimeachwa sasa hivi. Nikianza kusoma, kuna mtu anavuta pumzi pamoja nami. Halafu ananitangulia. Mimi nasoma mstari, yeye ameshafika mwisho wake." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Nikageuka. Nyuma yangu ni ukuta, dada. Pale hapakai watu wawili."

"Ni don Eleuterio," Casilda alinong'ona.

"Natamani iwe hivyo. Don Eleuterio nilimpenda."

Casilda alikuwa na binti, Nieves, wa miaka sita, aliyekulia kando ya jukwaa kama watoto wengi wa kazi ile, akilala juu ya marundo ya kamba na kujifunza nyimbo kabla ya kujifunza kuhesabu. Alikuwa na sauti. Sisemi sauti ya mtoto mzuri wa jirani. Nasema sauti iliyowafanya mafundi wa mandhari kushusha nyundo. Casilda, ambaye mumewe alimwacha na sanduku moja na ujauzito, hakuwa na kitu kingine duniani alichokiita chake. Wiki ile mtoto aliamka asubuhi amekauka koo. Siku iliyofuata zaidi. Akawa haimbi tena akivaa soksi.

Mchana mmoja, wakati wa mazoezi, Casilda alimkuta amechuchumaa kando ya jukwaa akilitazama kombe, midomo ikichezacheza.

"Unaongea na nani, mama yangu?"

"Na don Eleuterio. Yumo bado." Mtoto alisema taratibu, kwa sauti ya kukwaruza. "Lakini amebadilika meno."

"Amebadilikaje?"

"Ni mengi."

Jioni hiyo, katikati ya wimbo wa sindano anaouimba mdarizi, mbele ya watu wanaomjua na kumpenda, Casilda alisikia mdomo wake ukitamka kwa furaha na ufasaha: "Nakupa."

*

Alikwenda kwa don Baldomero. Mzee alikuwa akila kwato za nguruwe na mkate, leso shingoni.

"Funga kombe, don Baldomero. Tucheze bila mkumbushaji."

"Bila mkumbushaji! Gumersindo hajui hata jina la farasi wake katika mchezo huu. Unataka nicheze mchezo wa mabubu? Mabubu wako ng'ambo ya barabara, na hata wao wameanza kuongea."

"Kuna kitu mle."

Mzee aliacha kutafuna. Kumbe alijua. "Nitamsomeshea misa," alisema, akitazama sahani. "Misa nzuri, ya kuimbwa. Na kitambaa cheusi. Tumfanyie alichostahili, atapumzika. Lakini Jumamosi ni jioni yako ya heshima, mwanangu. Mtaa mzima unakuja. Usiniangushe."

Jioni ya heshima hutolewa mara moja kwa msimu kwa mwimbaji mkuu: anachagua nyimbo, anarushiwa maua, jamaa zake wanapandishwa jukwaani. Kuikataa ni kama bibi arusi kukataa harusi mlangoni pa kanisa.

Misa ikasomwa. Kitambaa kikatandazwa, pazia likashushwa taratibu mbele ya ukumbi mtupu, wote wakiwa kichwa wazi, na Gumersindo akalia kweli. Wakafunua kitambaa. Harufu ya anisi ilikuwa imetoweka kabisa.

Harufu ya kisima ilibaki. Na jioni hiyo hiyo Casilda alisema: "Sauti ya".

Hapo ndipo alipoyapanga maneno, moja baada ya jingine.

Muuza maziwa wa mtaa, señá Basilisa, alikuwa mwanamke wa Galicia, mnene, mwenye ng'ombe wawili nyuma ya duka. Watu walimletea watoto waliopigwa jicho. Alimsikiliza Casilda akiwa bado anakamua, kisha akafuta mikono, akajaza sahani maji, akachovya kidole katika mafuta ya zeituni.

"Mafuta yakielea, huna kitu. Yakitawanyika, umepigwa jicho, nami nitakutoa kwa maombi na chumvi."

Tone likaanguka. Halikuelea wala halikutawanyika. Lilizama mpaka chini kama jiwe, likatulia. Ng'ombe mmoja akarudi nyuma akivuta kamba.

"Mama Mtakatifu," Basilisa alisema polepole. "Niambie tena hayo maneno."

"Mimi. Casilda. Nakupa. Sauti ya."

"Ya nani?"

Casilda aligeukia mlango. Walitazamana, na wote wawili walisikia, nje mlangoni, Nieves akijaribu kuwaimbia njiwa na kushindwa.

"Don Eleuterio wenu alikufa kama mtu mwema, akaenda zake," mwanamke alisema. "Hata msingemwekea misa. Lakini mliuacha mdomo wa maiti wazi, mkaimba mbele yake, mkautupia maua. Yako mambo chini ya mji huu, mwanangu, yenye masikio na yasiyo na mdomo. Moja limekuta mdomo wazi, na watu wanaotii kila linachosema. Lingetaka nini zaidi?"

"Nitoe, señá Basilisa. Fanya chochote."

"Mimi ni wa jicho. Hilo silijui, nami sitakudanganya nikala mkate wako." Akamwaga maji mbali na ng'ombe. "Ninalojua ni moja. Ahadi ni deni, na iliyoanza kutamkwa haibaki njiani. Ina njaa. Ukinyamaza wewe, itatafuta mdomo mwingine imalizie. Mwenye neno la mwisho ndiye mwenye ahadi."

*

Casilda alifikiri ni mjanja. Jumamosi alimwacha Nieves kwa jirani, akafunga mlango mwenyewe, akamwapisha jirani asimfungulie hata Baba Mtakatifu. Alishika mchezo wote kichwani, kila mstari, usiku na mchana bila kulala, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akaziba masikio kwa nta ya mshumaa wa misa. Muziki angeufuata kwa fimbo ya maestro, kiongozi wa okestra.

Remigia, mvishaji wake, alifunga vifungo kimya kimya, kisha akamng'oa utepe mmoja begani. "Manjano!" akasema kwa midomo. "Nani kakushonea manjano, rangi ya nuksi jukwaani, jioni kama hii?" Hakuna aliyejua.

Sehemu ya kwanza ilipita. Ukumbi ulijaa hadi ngazini, Casilda aliona vinywa vikifunguka na mikono ikigongana, na yeye ndani ya nta alikuwa peke yake kama mtu aliye chini ya maji, akisikia damu yake tu. Katika sehemu ya pili akaanza wimbo wa sindano, na hapo ndipo alipotambua kosa lake, kosa asiloweza kulifanya yeyote ila mtu wa kazi ile. Kwa miaka yote hakuwahi kumsikia mkumbushaji kwa masikio peke yake. Okestra ikipiga kwa nguvu nani husikia mnong'ono? Alikuwa akisoma midomo. Na macho yake, bila kuombwa, kwa mazoea ya nusu ya maisha, yalikuwa yameshashuka kombeni.

Tadeo alikuwemo, mweupe kama chokaa, na nyuma ya bega lake, mahali palipokuwa na ukuta, palikuwa na uso mwingine, nao ulikuwa na mashavu ya don Eleuterio na masharubu ya don Eleuterio, lakini umevaliwa kama glavu ya mtu mwingine, na mdomo wake ulikuwa wazi vile vile kama ulivyoachwa majira yale ya baridi, ukapanuka, ukazidi kupanuka, na meno yalikuwa mengi, na katikati ya meno hayo ulimi ulikuwa ukianza, kwa subira kubwa, kulitengeneza jina la mtoto.

Casilda alifumba macho. Akaimba gizani. Alijiambia, nikifika mwisho nimeshinda, akashika noti moja baada ya nyingine kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zake kwa sauti ambayo hakuisikia, na harufu ya kisima ikamjaa kooni hadi kila pumzi ikawa na ladha ya matope, na bado akaimba, na alipokaribia noti ya juu, ile ambayo watu walitoka nyumbani kuja kuisikia, kitu kikamgusa upande wa kulia, si mkono, ila lile jambo ambalo mama hulijua bila kuambiwa, akafumbua macho.

Nieves alikuwa amesimama kando ya jukwaa, amevalishwa gauni jeupe, shada la maua mikononi. Nyuma yake don Baldomero alitabasamu: jioni ya heshima lazima mtoto apeleke maua, na mtoto aliletwa; jirani alikuwa amemfungulia mwenye kampuni.

Lakini Nieves hakumtazama mama yake. Alilitazama kombe, kama alivyozoea tangu azaliwe, mtoto wa jukwaa, mtiifu. Na midomo yake midogo ilianza kufuata. Ncha ya ulimi ikapanda nyuma ya meno. *Ni—*

Casilda hakufikiri. Palikuwa na sentensi yenye njaa na neno moja lililobaki, na mwenye neno la mwisho ndiye mwenye ahadi. Alijaza kifua chote, akageukia shimo, na katika noti ile ya juu, kwa nguvu zote alizopewa na Mungu na walimu, akaimalizia:

"Casilda!"

Wanasema haijawahi kusikika noti kama ile mle Aurora. Taa zilipepesuka. Ilipanda, ikakaa, kisha ikakatika ghafla, kama uzi kwenye meno ya mshonaji. Ukumbi ukasimama. Walipiga makofi hadi vumbi la markizi likadondoka darini. Casilda alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, mkono kifuani, na hakuna kilichokuwa kikitoka.

Hakikutoka tena. Kesho yake Nieves aliimba akivaa soksi, safi kama maji ya milima ya Guadarrama, na mama yake akamshika kichwa akamlaza kifuani, akalia bila sauti yoyote. Tone la Basilisa likaelea. Kiti cha kombeni kikawa baridi. Tadeo alikikalia wiki moja zaidi ili kuhakikisha, kisha akaondoka Madrid akaenda kufundisha watoto Kilatini.

*

Miaka ikapita. Casilda akawa mvishaji baada ya Remigia, pini midomoni, asiyeongea na asiyehitaji. Sinema ikaimeza mitaa yote, lakini Aurora ilishikilia kwa kucha, na waliokuja walikuja kwa ajili ya Nieves Arrúe. Don Baldomero, aliyeogopa kwa kuchelewa, alikuwa amelipigilia kombe mbao na misumari. Kampuni mpya ilifundishwa kushika maneno kichwani.

Alasiri moja walikuwa wakifanya mazoezi ya ule mchezo wa zamani wa mdarizi. Jua la Mei liliingia kwa mlango wa nyuma. Nieves, mwenye miaka ishirini, alifika kwenye wimbo wa sindano, akasita. Mstari ulikuwa umemtoroka. Akacheka, akajigonga paji la uso.

"Subirini, subirini. Ninao. Uko hapa hapa."

Na kutoka chini ya mbao, taratibu, kwa upole, mtu akamnong'oneza. Ulikuwa mstari sahihi, neno kwa neno. Sauti ilikuwa ya mwanamke. Casilda, aliyepiga goti kando ya jukwaa na upindo wa gauni mkononi, aliitambua kabla ya mtu yeyote, maana aliwahi kuishi nayo kooni mwake.

Nieves aliinua uso, ukamng'aa kama wa mtoto aliyeitwa na mama yake kutoka chumba cha pili. Akauimba mstari. Akaufikisha mwisho. Akanyamaza, ameinamisha kichwa kuelekea kombe, akisubiri.

Casilda alisimama. Pini zikamwagika sakafuni. Alifungua mdomo kadiri ulivyoweza kufunguka.

"Mimi," akasema Nieves.